Bima ya Gari: Njia za Kupunguza Gharama Bila Kubaki Wazi Siku ya Ajali

Wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi wenye magari hulipa bima mara moja kwa mwaka bila kuuliza swali lolote. Ujumbe unafika kwenye simu kutoka kwa wakala kwamba bima inaisha wiki ijayo, kiasi kimeandikwa, mwenye gari analipa kwa M-Pesa na cheti kinatumwa. Mwaka unaofuata mambo ni yale yale. Wapo wengine ambao wakiona kiasi ni kikubwa hutafuta njia ya mkato: mtu wa kuwauzia cheti kwa bei ya chini, au kuandikisha gari la kubeba abiria kana kwamba ni gari la nyumbani. Makundi yote mawili hupoteza pesa. La kwanza hupoteza kidogo kidogo kila mwaka. La pili linaweza kupoteza kila kitu siku moja.

Ieleweke kwanza kwamba serikali ya kaunti haipangi bei ya bima wala haitoi vyeti. Kampuni za bima nchini husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, na kila kampuni hujiwekea viwango vyake. Hiyo ndiyo sababu gari moja, la mtu mmoja, linaweza kupewa bei tatu tofauti na kampuni tatu katika siku moja. Mwenye gari ana nafasi kubwa ya kujadiliana kuliko wengi wanavyodhani, mradi ajue kile anachokilipia.

Kinachotakiwa na sheria

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inamtaka kila anayetumia gari barabarani awe na bima ya kulinda watu wengine, ile ambayo wengi huiita thadi pati. Kutumia gari bila bima hiyo ni kosa la jinai. Bima hii inafidia mtu aliyeumizwa au kuuawa na gari, na kiwango ambacho kampuni inalazimika kumlipa mtu mmoja kina kikomo cha shilingi milioni 3. Mahakama ikiamua fidia iliyo juu ya hapo, kinachozidi kinaweza kudaiwa kutoka kwa mwenye gari mwenyewe.

Kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyajua wakiwa wamechelewa. Thadi pati haitengenezi gari la aliyeinunua, hata kama yeye ndiye aliyegongwa na gari lililotoroka. La pili ni kwamba sheria hailazimishi bima ya gari la kibinafsi kufidia abiria waliomo ndani. Abiria wanalazimika kuwa na kinga pale tu gari linapobeba watu kwa nauli, au linapowabeba kwa sababu ya mkataba wa kazi. Kwa magari ya usafiri wa umma, kinga ya abiria hulipiwa kwa kuhesabu viti. Jambo hili litarudi hapa chini, kwa sababu linawahusu sana wenye Probox.

Bima kamili, yaani komprehensivu, inaongeza juu ya hayo ulinzi wa gari lenyewe: ajali, moto na wizi. Hapa ndipo gharama hupanda, na hapa ndipo pana nafasi ya kupunguza.

Ada huhesabiwa vipi

Kwa bima kamili, kampuni huchukua thamani ya gari na kuizidisha kwa asilimia fulani. Juu yake huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 ya ada, tozo ya Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima ya asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Tozo hizi ni ndogo. Kwa ada ya shilingi 40,000, zote pamoja na stempu hazifiki shilingi 250. Wakala anayeandika maelfu ya shilingi chini ya maneno "kodi na tozo" anapaswa kuombwa aeleze kila moja ni ya nini.

Hapa inafaa kukumbusha kuhusu ile kodi ya magari ya asilimia 2.5 iliyozungumzwa sana mwaka 2024. Ilikuwa katika Mswada wa Fedha wa mwaka huo, na kampuni za bima ndizo zingeikusanya. Mswada huo uliondolewa mwezi Juni 2024, kwa hiyo kodi hiyo haikupata kuwa sheria.

Kwa hiyo ada inaathiriwa na mambo mawili makubwa: thamani iliyoandikwa, na asilimia ambayo kampuni inaona inafaa kulingana na hatari. Mwenye gari anaweza kuyagusa yote mawili.

Thamani ndiyo pa kuanzia

Gari hupoteza thamani kila mwaka, lakini thamani iliyoandikwa kwenye mkataba wa bima haishuki yenyewe. Isipobadilishwa, inabaki vile vile miaka nenda miaka rudi.

Mfano ni wa mwalimu anayeishi Kaloleni ambaye alinunua gari miaka mitatu iliyopita na kulikatia bima kwa thamani ya shilingi 900,000. Leo gari kama hilo linauzwa sokoni kwa shilingi 650,000. Kampuni yake ikitoza asilimia 5, bado analipa shilingi 45,000 kabla ya tozo. Akirekebisha thamani, ada inakuwa shilingi 32,500. Ni tofauti ya shilingi 12,500 kwa mwaka, bila kupunguza ulinzi wowote.

Bila kupunguza ulinzi, kwa sababu gari likiibwa au likiharibika kabisa, kampuni hulipa bei ya soko ya siku hiyo, si ile 900,000 iliyoandikwa. Mwalimu huyu amekuwa akilipia shilingi 250,000 ambazo hatazipata kamwe. Pengine hakuna mahali pengine ambapo wenye magari hupoteza pesa kimya kimya kama hapa.

Lakini kuna tahadhari. Baadhi ya kampuni hutoza asilimia kubwa zaidi kwa magari ya thamani ya chini, na nyingi zina kiwango cha chini kabisa cha ada. Thamani ikishuka hadi 650,000 na asilimia ikapanda hadi 6, ada inakuwa shilingi 39,000. Bado ni nafuu, ila si nafuu iliyotarajiwa. Ndiyo maana inafaa kuuliza maswali mawili pamoja: asilimia ni ngapi kwa thamani hii, na ada ya chini kabisa ni kiasi gani.

Njia salama ya kuweka thamani ni kupeleka gari likakaguliwe na mthamini anayekubaliwa na kampuni ya bima. Kampuni nyingi hutoa barua ya kwenda kwa mthamini bila malipo wakati wa kukata au kufanya upya bima kamili. Wenye magari wengi hupuuza barua hiyo kwa sababu inawagharimu asubuhi moja. Asubuhi hiyo inaweza kuwa na thamani ya maelfu ya shilingi.

Wapo wanaofanya kinyume chake. Gari lina thamani ya milioni moja, wanaandika shilingi 600,000 ili ada ishuke. Mikataba yenye kifungu cha wastani inaiadhibu hila hii. Gari likiharibika na matengenezo yakagharimu shilingi 200,000, kampuni husema: gari lilikuwa na bima ya asilimia 60 tu ya thamani yake, basi fidia ni asilimia 60. Hiyo ni shilingi 120,000, na bado eksesi haijatolewa. Mwenye gari anatafuta 80,000 na zaidi mfukoni, kwa sababu ya kuokoa elfu kadhaa za ada.

Je, gari hili linahitaji bima kamili?

Si kila gari linahitaji. Gari likiwa la mkopo wa benki au SACCO, mkopeshaji hudai bima kamili hadi deni liishe, na hapo hakuna mjadala. Lakini kwa gari kuukuu ambalo halina deni, hesabu inafaa kupigwa upya.

Gari likiwa na thamani ya shilingi 300,000 na ada ya chini kabisa ya bima kamili katika kampuni ikiwa shilingi 30,000, mwenyewe analipa sehemu ya kumi ya bei ya gari kila mwaka. Akikaa miaka mitano bila ajali, ameshalipa nusu ya gari. Ada ya thadi pati kwa gari la kibinafsi huwa ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Mtu wa aina hii anaweza kuchukua thadi pati, au ile ya kati inayofidia pia moto na wizi, kisha tofauti akaiweka kando kwa ajili ya matengenezo.

Swali la kujiuliza ni moja: gari hili likiisha kabisa kesho, je, familia itaweza kuendelea bila fidia? Mfanyabiashara wa samaki wa Ngomeni ambaye pikapu yake ndiyo riziki ya nyumba nzima, hata ikiwa ni kuukuu, ana sababu ya kubaki na bima kamili. Mstaafu anayetumia gari kwenda sokoni na kanisani au msikitini huenda hana sababu hiyo.

Anayechagua thadi pati aulize jambo moja zaidi: je, inafidia pia mali ya watu wengine, au vifo na majeraha pekee kama sheria inavyotaka? Kugonga ukuta wa duka, au gari ghali la mtu kwenye foleni ya Mtwapa, ni hasara inayoweza kumfilisi mtu kwa urahisi. Tofauti ya bei kati ya aina hizo mbili mara nyingi haistahili kukimbiliwa.

Eksesi: gharama iliyojificha

Eksesi ni ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujibebea kabla kampuni haijalipa chochote. Kwa kampuni nyingi huwa ni asilimia fulani ya thamani ya gari, kwa mfano asilimia 2.5, pamoja na kiwango ambacho haiwezi kushuka chini yake. Kwa gari la shilingi 800,000, asilimia 2.5 ni shilingi 20,000. Bei mbili za bima haziwezi kulinganishwa bila kutazama eksesi. Kampuni inayotoza ada ya chini kwa shilingi 3,000 lakini eksesi yake ni kubwa kwa shilingi 15,000 si rahisi hata kidogo.

Kwa upande mwingine, eksesi inaweza kutumiwa kupunguza ada. Mwenye gari aliye na akiba anaweza kuiomba kampuni impunguzie ada kwa kukubali eksesi kubwa zaidi. Si kampuni zote zitakubali, lakini kuuliza hakugharimu kitu. Ipo pia nyongeza inayofuta eksesi, ambayo huuzwa kama asilimia ndogo ya thamani ya gari pamoja na kiwango cha chini. Kwa gari la thamani ndogo, kiwango hicho cha chini ndicho hutumika, na nyongeza yenyewe inakuwa ghali. Aliye na shilingi 20,000 za dharura na asiyepata ajali mara kwa mara anaweza kuiacha.

Kuhusu madai madogo, hesabu ni rahisi. Mlango umekwaruzwa katika maegesho ya Malindi, na fundi anataka shilingi 18,000. Eksesi ni 20,000. Kudai fidia hapo hakuleti hata shilingi moja, na kunaweza kumwondolea mwenye gari punguzo la kutodai, ambalo hutolewa kwa aliyekaa mwaka au miaka kadhaa bila kudai. Ajali yenyewe bado inafaa kuripotiwa kwa kampuni kama mkataba unavyotaka, hasa pale mtu mwingine anapohusika, kwa sababu madai ya majeraha yanaweza kuja miezi kadhaa baadaye. Kuripoti ni jambo moja na kudai fidia ni jingine.

Punguzo hilo la kutodai halihamii lenyewe kutoka kampuni moja hadi nyingine. Anayehama aiombe kampuni yake ya zamani barua inayoeleza amekaa naye muda gani na amedai mara ngapi. Barua hiyo ndiyo silaha yake anapojadiliana kwingine. Cha kushangaza ni kwamba wenye rekodi safi ya miaka minane au kumi hufanya upya bima kwa bei ile ile ya mgeni, kwa sababu hawakuwahi kuomba chochote.

Wizi na kifaa cha kufuatilia gari

Eksesi ya wizi ni kubwa kuliko ya ajali. Kwa kampuni nyingi huwa asilimia 10 ya thamani kwa gari lenye kifaa cha kulifuatilia, na asilimia 20 kwa gari lisilo nacho. Kwa gari la shilingi 800,000, tofauti hiyo ni kati ya kukatwa 80,000 na kukatwa 160,000. Baadhi ya kampuni hupunguza na ada yenyewe kwa gari lenye traka.

Ila traka ina malipo yake ya kila mwaka. Malipo yakikoma, kifaa kipo lakini hakifanyi kazi, na gari likiibwa kampuni inaweza kulihesabu kama gari lisilo na kifaa. Mwenye gari asilipie traka ya pili aliyouziwa na wakala ikiwa ile iliyokuja na gari bado inafanya kazi. Apeleke cheti cha kifaa hicho kwa kampuni na kuomba kikubaliwe.

Nyongeza: za kuacha na za kuweka

Bima kamili huja na orodha ya nyongeza. Gari la kutumia wakati lako liko gereji, kwa mfano, linaweza kuachwa na mtu ambaye anaweza kupanda matatu kwa wiki mbili. Kioo cha mbele na redio kwa kawaida vina kiwango kinachofidiwa bila malipo ya ziada. Kuongeza juu ya hapo kunafaa tu ikiwa kioo cha gari hilo ni ghali kweli.

Nyongeza ya ghasia za kisiasa na ugaidi ni hadithi nyingine. Bila nyongeza hii, gari likichomwa katika vurugu za kisiasa, kampuni nyingi hazilipi. Wapo waliojifunza hivyo Juni 2024, wakati magari yalipochomwa katika maandamano. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ada nzima, na kwa gari linaloegeshwa mjini ni kati ya mambo ya mwisho kukatwa. Vivyo hivyo mafuriko: wakazi wa Magarini na wengine wanaoishi karibu na Mto Sabaki wahakikishe mkataba unataja mafuriko wazi, wala wasitosheke na maneno ya mdomo ya wakala.

Probox, tuktuk na bodaboda

Barabara ya Mariakani kwenda Kaloleni hadi Mavueni, na barabara nyingi za ndani za kaunti hii, hutegemea magari madogo ya abiria. Baadhi yana bima ya kibinafsi, kwa sababu bima ya kubeba abiria ni ghali zaidi. Mwenye gari anajua, dereva anajua, na mara nyingine hata wakala aliyeuza bima anajua.

Gari kama hilo likipata ajali likiwa na abiria, kampuni ya bima inachunguza. Inauliza majeruhi walilipa nauli kiasi gani, nao husema ukweli. Sheria inairuhusu kampuni kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba haiwajibiki kwa sababu ilidanganywa kuhusu matumizi ya gari. Ikishinda, kesi za majeruhi zote zinabaki kwa mwenye gari. Anayeokoa maelfu machache ya ada huweka rehani shamba, nyumba na mshahara wake, na abiria aliyevunjika mguu huenda asipate chochote, kwa kuwa mwenye gari hana cha kumlipa. Hatari hiyo inamkabili pia anayetumia gari la nyumbani kwa kazi ya teksi ya kuitwa kwa simu, au anayesafirisha mizigo ya watu kwa malipo.

Mwenye gari wa aina hii ana njia halali ya kupunguza gharama. Aeleze matumizi halisi, kisha atafute bei kupitia kundi. SACCO ya matatu au chama cha tuktuk chenye magari thelathini kina nguvu ya kujadiliana ambayo mtu mmoja hana, hasa kikiwa na rekodi ya madai yaliyopungua. Kampuni itataka kujua madereva ni kina nani, leseni zao ziko hai au la, vidhibiti mwendo vinafanya kazi au la. SACCO inayoweza kujibu maswali haya kwa karatasi hupata bei tofauti na ile inayojibu kwa ahadi.

Pikipiki ya bodaboda nayo inahitaji bima kama gari lolote, na inayobeba abiria inahitaji bima ya kubeba abiria. Ada yake ni ndogo kuliko ya gari, na vyama vya bodaboda vinaweza kuikusanya kwa awamu kutoka kwa wanachama.

Leseni ya dereva iliyoisha ni sababu nyingine ya fidia kukataliwa. Anayemkabidhi mtu gari aikague leseni hiyo kwanza, na aiambie kampuni ikiwa dereva ni kijana au amepata leseni juzi, kwa kuwa mikataba mingi huongeza eksesi kwa madereva wa namna hiyo.

Bei ya chini kutoka kampuni gani?

Kwa wenye matatu swali hili ni zito. Kampuni kadhaa zilizokuwa zikikatia bima magari mengi ya usafiri wa umma zimeanguka: United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na Invesco ikaingia katika ufilisi mwaka 2024. Kampuni ikianguka, waliogongwa hawapotei. Hudai, na hukumu ikitolewa, jina lililomo ni la mwenye gari. Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima ipo kwa ajili ya hali hizo, lakini malipo yake yana kikomo na hayafuti deni lote.

Kwa hiyo, kabla ya kufurahia bei ya chini kuliko zote, inafaa kuhakikisha kwamba kampuni imo katika orodha ya zilizopewa leseni mwaka huo, orodha ambayo IRA huitangaza, na kuuliza wenye magari wengine ni muda gani kampuni hiyo huchukua kulipa madai. Gereji za mjini hujua sana jambo hili. Fundi anayesubiri pesa za kampuni fulani tangu mwaka jana hatasita kusema.

Vyeti vya bima nchini sasa ni vya kidijitali. Mfumo huo ulianza mwaka 2020 chini ya Muungano wa Kampuni za Bima, AKI, na kila cheti huambatanishwa na nambari ya usajili wa gari. Cheti bandia kinaweza kuwa na nembo nzuri na rangi sahihi, lakini hakimo katika mfumo. Aliyenunua kwa mtu asiyemjua apige simu kwenye ofisi ya kampuni yenyewe na kusoma nambari ya gari na ya cheti. Malipo nayo yaende moja kwa moja kwenye nambari ya malipo ya kampuni, si kwenye simu ya wakala. Sheria ya Bima inaikataza kampuni kubeba hatari kabla haijapokea ada, na pesa zilizoishia kwenye simu ya mtu binafsi huleta ubishi mkubwa siku ya ajali.

Kulipa kwa awamu

Wengi huchukua bima ya mwezi mmoja mmoja kwa sababu pesa ya mwaka haipo. Kwa kawaida miezi kumi na miwili ya namna hiyo, ikijumlishwa, huzidi bei ya mwaka. Mkopo wa bima kutoka benki nao una riba. Anayetarajia kulipa shilingi 48,000 mwezi wa kumi na mbili anaweza kuanza Januari kuweka 4,000 kila mwezi kwenye chama au SACCO, na riba ikabaki kwake. Bima ya mwezi inamfaa zaidi mwenye gari linalotembea misimu michache tu kwa mwaka.

Anayeuza gari katikati ya mwaka asiliache na bima yake na kusahau. Airudie kampuni, aombe mkataba ufutwe, na aulize kuhusu kurudishiwa sehemu ya ada ya miezi iliyobaki. Hii pia humlinda, kwa maana cheti kinachoendelea kuwa na jina lake kinaweza kumvuta katika kesi ya ajali ambayo hakuwepo.

Wakati wa kufanya upya

Kazi yote hii haiwezi kufanywa siku bima inapoisha. Wiki tatu au nne kabla zinatosha: barua ya mthamini, barua ya rekodi ya madai, cheti cha traka, kisha bei za maandishi kutoka kampuni tatu au wakala watatu, kila moja ikionyesha thamani, asilimia, eksesi ya ajali, eksesi ya wizi na nyongeza zilizomo. Bei iliyotolewa kwa mdomo haifai kulinganishwa na yoyote. Mara nyingi kampuni ya zamani, ikioneshwa bei ya mwenzake, hushusha yake.

Anayeona ametendewa isivyo haki, kwa mfano fidia iliyocheleweshwa bila sababu au ada iliyochukuliwa na cheti kisitolewe, aanze kwa kuiandikia kampuni yenyewe na kubaki na nakala. Asiporidhika, apeleke malalamiko yake IRA. Aambatanishe nakala ya mkataba, risiti au ujumbe wa M-Pesa, cheti, abstrakti ya polisi ikiwa kuna ajali, na barua zote alizoandikiana na kampuni. Huduma hiyo ya malalamiko haitozwi pesa.